Nililegeza Breki, Shemeji Akaanguka

Nimekosa. Nianze hapo hapo, maana nimezungukazunguka mno. Mimi ndiye niliyemvunja mguu mume wa dada yangu, kisha nikawaacha watu wamlaumu yeye mwenyewe na mwalimu wetu. Jina langu niachieni. Wa Nyamirambo, mtaa wetu hapa Kigali, watakaonitambua, wanitambue.

Shemeji yangu, nitamwita Haruna, ni fundi cherehani. Mimi nauza vitambaa mtaa huo huo. Nimelelewa Tanzania, nikarudi Kigali mtu mzima, na Haruna ndiye aliyenipokea kama ndugu. Pikipiki tulizipenda wote wawili. Basi tulipopata mtu wa kutufundisha kunyanyua tairi la mbele na kwenda na la nyuma peke yake, tulifurahi kama watoto!

Mwalimu wetu, Eriki, alikuwa mkali. Hakutaka mchezo huo barabarani hata kidogo. Tulikuwa tunakwenda Masaka, pembeni mwa mji, Jumapili asubuhi, kwenye kiwanja cha rafiki yake kilichosawazishwa, bado hakijajengwa. Helmeti, glavu, viatu vya kufunika kifundo, kinga za magoti na viwiko. Ukikosa kimoja, unakaa pembeni kuangalia wenzako.

Na kabla ya yote, breki ya nyuma.

"Mguu wa kulia unakaa juu ya breki, hautoki," alikuwa akisema kwa Kiswahili chake cha Kigali. "Tairi ikipanda sana, unagusa breki, inashuka. Hiyo breki ndiyo iko maisha yako, sha, rafiki. Kupanda si kazi. Kazi iko kushuka."

Haruna alimsikiliza. Mguu wake umezoea pedali ya cherehani, unajua kugusa kidogo kidogo. Alinyanyua, akagusa, tairi likashuka taratibu. Mimi je? Woga! Tairi likiinuka tu, mguu wangu unakanyaga breki kwa nguvu zote, pikipiki inajibamiza chini puu! Wanafunzi wenzetu wanacheka. Haruna naye anacheka, bila ubaya, lakini mimi iliniuma. Pikipiki ni yangu, na anayeiweza ni yeye!

Ndipo nikafanya ujinga. Jumamosi moja, nyumbani, nikachukua spana nikalegeza nati ya breki ya nyuma. Nilijiambia kwamba ikichelewa kushika, woga wangu hautaniangusha mbele za watu, na tairi litakaa juu angalau kidogo. Nikajaribu pedali kwa mguu. Ikazama mpaka chini kabisa, ndiyo ikashika, tena kwa unyonge.

Nikaweka spana mfukoni. Mpango wangu ulikuwa nianze mimi, kisha nikaze nati kabla Haruna hajapanda. Wallahi, ndivyo nilivyopanga.

Kesho yake Masaka, Eriki akasema, "Haruna, anza wewe."

Nikasema, "Mwalimu, acha nianze mimi leo."

"Hapana, wewe unaogopa. Angalia kwanza mwenzako." Kila siku alikuwa anakagua pikipiki mwenyewe, lakini asubuhi hiyo alikuwa ameinama anaondoa mawe njiani. Akaniuliza bila kugeuka, "Breki iko sawa?"

Wote walikuwa wananitazama. Nikisema haiko sawa, wataniuliza kwa nini. Nitajibu nini? Kwamba nimeharibu pikipiki yangu mwenyewe kwa sababu ya woga?

"Iko sawa," nikasema.

Maneno mawili tu! Natamani ulimi wangu ungekatika.

Haruna akaondoka polepole. Nilitaka kupiga kelele, nikawa najipa moyo: ana mguu mwepesi, hatahitaji breki sana. Akaachia klachi, akaongeza mafuta, tairi likapanda. Likapanda tena. Niliona mguu wake wa kulia ukikanyaga. Niliuona kwa macho yangu! Ukakanyaga, ukazama, na tairi likaendelea kupanda kuelekea mbinguni.

"Breki! Breki!" Eriki alikuwa anapiga kelele huku anakimbia.

Pikipiki ikapinduka kwa nyuma. Haruna akaanguka kwa mgongo, nayo ikamshukia kwenye mguu, ikaserereka mpaka karibu na miguu yangu. Helmeti na kinga ziliokoa kichwa na mikono. Mguu ulikuwa umepinda mahali ambapo mguu haupindi.

"Mana yanjye!" Mtu alilia kwa Kinyarwanda, akimwita Mungu. Wote wakamkimbilia.

Wote isipokuwa mimi.

Hapa ndipo penye aibu yangu kubwa. Nikapiga magoti kando ya pikipiki kama mtu anayeizima. Nikatoa spana. Shemeji yangu analia nyuma yangu, "Mguu wangu! Mungu wangu, mguu wangu!" na mimi ninakaza nati. Nikaijaribu kwa mkono. Ikashika. Ndipo nikaenda kumshika kichwa!

Eriki alipokuja kukagua, breki ilikuwa nzima. Akabaki anaitazama.

Basi mtaani watu wakasema hivi. Haruna alisahau kukanyaga. Eriki anafundisha watu wazima mambo ya hatari. Eriki akaacha kufundisha kabisa. Haruna alilazwa, akafanyiwa upasuaji, akarudi nyumbani na magongo, na kifundo kikakataa kukunjika. Pedali ya cherehani haiwezi tena. Siku hizi anakata vitambaa tu, wengine wanashona.

Kila nilipomtembelea aliniuliza, "Shemeji, wewe ulikuwepo. Si uliona nilikanyaga?"

Nami namjibu, "Sikuona vizuri, shemeji."

Mpaka siku moja nimewapelekea maziwa, nikamkuta anamwambia dada, "Labda kweli nilisahau. Labda akili yangu ilipotea."

Dada Zaituni akamshika bega. "Ulisahau, Baba Shamila. Kubali tu, upumzike."

Haruna akainamisha kichwa, akakubali. Mtu anakubali kosa ambalo hakulifanya!

Sikuweza tena. Nikasema yote pale pale, nimesimama mlangoni na maziwa mkononi. Nati, spana, yote.

Haruna hakunitukana. Alifunika uso, mabega yakatikisika, akawa anarudia, "Nilikanyaga. Zaituni, nilikanyaga!"

Dada akaja mpaka karibu yangu. Alinilea kule Tanzania tangu mama alipofariki, mpaka alipoolewa huku Kigali. Akasema kwa sauti ndogo, "Toka kwangu." Mpaka leo hapokei simu yangu.

Kwa Eriki nilikwenda pia, kule Rebero. Alinisikiliza akiwa amesimama getini. Sikuomba kuingia na hakunikaribisha. Nilipomaliza, akauliza jambo moja tu.

"Ile nati uliikaza saa gani? Yeye akiwa bado analia?"

"Yego," nikasema. Ndiyo.

Akafunga geti.

Ninyi mnaopenda mchezo huu, sikuwaandikia ili muache. Jifunzeni kwa mtu anayejua, mbali na barabara na watu, na kinga zote mwilini. Kabla ya kunyanyua tairi, kanyageni breki ya nyuma kwa mguu wenu wenyewe, msikubali neno la mtu, hata awe shemeji. Na wewe uliyegusa kitu kwenye pikipiki ambayo mwenzako anakwenda kuipanda, mzuie! Shika usukani, lala chini mbele ya tairi, wacha wakucheke mpaka wachoke. Mimi nilikuwa na nafasi hiyo asubuhi ile Masaka, nikasema iko sawa.