Amri Niliyomwandikia Mama Boay

Kompyuta ikitengwa na nyingine, yenyewe inajua kwamba imetengwa?

Niliulizwa swali hilo kwenye mteremko wa mlima Hanang, juu ya nyumbani kwetu Endasak. Nina digrii, na nimezoea kudai ushahidi hata kwa padre. Kwa hiyo sikulazimishi uniamini. Naandika tu kilichotokea, kama kilivyotokea.

Nilikuwa nimerudi kumwona mtoto wa kaka yangu, Emanueli, mwenye siku kumi na tisa. Wifi alikuwa ameshazika wawili kabla yake, kwa hiyo nyumba nzima ilitembea kwa kunyata. Mama alinipa sharti moja: nisilete mgeni yeyote ndani.

"Hata akiwa anakufa kwa baridi, abaki nje," alisema.

Nikamjibu kwamba vijidudu havijui nani mgeni na nani mwenyeji.

"Basi kakae na vijidudu vyako huko juu," akasema, na wifi akacheka.

Huko juu ndiko mtandao unakoshika. Kazi yangu ni kusimamia klasta: kompyuta nyingi, kila moja tunaiita nodi, zinazogawana hesabu moja kubwa. Zenyewe ziko mbali, mjini. Mimi naziongoza kwa kuandika amri kwenye laptop. Alasiri ile nodi ya saba ilikuwa inatoa majibu mabovu, nikaitenga. Nodi iliyotengwa haizimwi. Inabaki inawaka, ila foleni ya kazi inairuka, isije ikaharibu kazi za nyingine, mpaka msimamizi airudishe. Na unapoitenga ni lazima uandike sababu, ili atakayekuja baada yako aijue.

Nilipomaliza, ukungu ulishuka na mtandao ukakata. Hapo nikamwona mama mmoja amesimama hatua kama ishirini kutoka kwangu.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. "Usinisogelee, mwanangu. Niko metimani."

Kwetu Wairaqw, nyumba ikipatwa na kifo kibaya hutengwa. Watu wake hawasalimiwi, hawachangii maji wala moto na wengine, mpaka wazee wawaondoe. Hiyo ndiyo metimani. Mimi niliiona kuwa ukatili tu. Akauliza ninafanya nini na hilo dude, nikamweleza habari za nodi ya saba. Ndipo akauliza kama yenyewe inajua. Nikacheka.

"Na anayeirudisha ni nani?"

"Mimi. Naandika amri, basi."

"Wazee hawakuja kuniondoa," akasema. "Tangu Boay wangu afe. Niandikie na mimi."

Ningeweza kumuuliza kwa nini hawakuja. Sikuuliza. Niliandika amri ya kurudisha nodi, na mahali pa jina la nodi nikaandika *mamaboay*. Ulikuwa utani, wenye huruma kidogo ndani yake.

Sasa fuatilia vizuri. Kwenye Linux, mfumo unaoendesha mashine zile, ukikosea jina, mashine inakwambia halipo. Ukipatia, inanyamaza na kungoja amri nyingine. Na bila mtandao haifanyi lolote kati ya hayo, inaganda tu. Simu yangu, ndiyo iliyokuwa ikiipa laptop mtandao, haikushika hata kidogo. Nikabonyeza. Mashine ikanyamaza, ikangoja amri nyingine.

"Marahaba," yule mama akasema.

Akanipita karibu kabisa, akishuka. Nywele zangu zilikuwa zinadondosha maji ya ukungu. Shuka lake lilikuwa kavu. Unadhani nilimkimbilia? Nilikaa pale karibu nusu saa nikitafuta hitilafu kwenye programu.

Nilipofika nyumbani, wifi alikuwa mlangoni, amechangamka.

"Wifi, mgeni wako ana mkono mzuri. Amembeba Emanueli mpaka akalala."

"Mgeni gani?"

"Si yule mama? Alisema wewe ndiye uliyemruhusu. Nikasema sawa, mama akigomba atagomba na wewe."

Mtoto hakunyonya tena. Siku ya tatu alifia hospitali. Daktari aliandika maambukizi kwenye damu, na mimi nakubali, maana watoto wa umri ule hufa kwa ugonjwa huo. Nimekubali mara nyingi sana. Lakini wifi hajanisemesha mpaka leo, na mama akinipa maji anayaweka chini, anaondoka, ndipo niyachukue. Kumbukumbu za klasta zinaonyesha amri moja tu alasiri ile, ya kuitenga nodi ya saba. Ile ya pili haikufika kokote. Basi ni nini kilichoipokea?

Wewe unayesoma, ukikuta mtu au kitu kimetengwa, na moyo wako ukakwambia huo ni uonevu, usikirudishe kabla hujaijua sababu. Kama hakuna aliyeiandika, mtafute anayeikumbuka.

Mimi ilinichukua miaka miwili kumpata, mzee mmoja wa kijiji cha Gehandu. Aliniambia Mama Boay alikufa kabla mama yangu hajaolewa. Hakutengwa na mtu. Baada ya kumzika Boay alibeba watoto wawili wa majirani, kwa nyakati tofauti, na wote wawili wakafa. Akajitenga mwenyewe, na akawaapisha wazee wasimwondoe kamwe, hata siku atakapokuja kuwaomba kwa mdomo wake.