Bonde Lisilo na Mtu

Mimi nina hasira za karibu, na siku zile nilikuwa nimeikasirikia tovuti yangu mwenyewe. Niliiendesha kutoka kichumba cha saiba, cha kompyuta na intaneti, nilichopanga hapo Garsen. Niliandika juu ya mto, ndege na vyakula vyetu, na hakuna aliyenijali. Tovuti ndogo huonekana pale tovuti nyingine zinapoiwekea linki, watu wakapita huko kuja kwako. Mimi sikuwa na linki hata moja. Iliniuma, sitaficha.

Basi nikaenda kijijini Hewani kwa mama kutafuta picha ya kuwavuta watu. Mafuriko yalikuwa yameshuka wiki ileile. Kwetu mto ukifurika tunahamia mwinukoni, na maji yakishuka tunangoja tope lishike kidogo ndipo turudi kupanda mpunga. Siku hizo za kungoja, mgeni akipita ataapa shamba halina mwenyewe. Hati hatuna. Mpaka wetu ni mikindu miwili na majirani wanaoijua.

Mama alikuwa katikati ya tope, kanga kiunoni, akikagua mpaka wake.

"Mama, sogea kidogo, unaniharibia picha."

"Nisogee wapi, we mwana? Si shamba langu hili?"

"Njoo nyuma yangu. Dakika moja tu."

Akacheka, akaja kusimama mgongoni kwangu.

Makala nikaiita "Bonde Lisilo na Mtu". Nilijua ni uongo, lakini ulikuwa uongo mtamu. Nikaeleza na njia, tangu daraja la Garsen hadi kwenye ile mikindu. Lo! Linki zikamiminika. Walianza wapiga picha za ndege, wakafuata wasafiri. Kila asubuhi nilizitazama kabla sijanawa uso.

Kisha ikaja moja kutoka tovuti ya watu wanaowatafutia matajiri ardhi ya kilimo. Picha ilikuwa yangu, maneno yangu, na juu yake wameandika: ardhi tupu, maji tele. Nikajiambia linki ni linki. Haki ya Mungu, ndivyo nilivyojiambia, na sikumwambia mama.

Mpunga ulikuwa umefika magotini aliponipigia simu. Kuna wanaume shambani, alisema, wanapigilia vigingi vyekundu. Nilipanda bodaboda, na njiani nikaifuta makala kwa simu. Nilifuta yangu tu. Ile waliyoinakili wale watafuta ardhi ilibaki vilevile.

Mkubwa wao alikuwa mpole, na upole wake ulinitisha kuliko matusi. Mkononi alikuwa na karatasi, makala yangu imechapwa pamoja na ile picha.

"Shikamoo, mama. Hapa imeandikwa bonde hili halina mtu. Na aliyeandika ni mwenyeji wa huku huku. Wewe una karatasi gani?"

Mama hajui kusoma. Aliipokea ile karatasi kwa mikono miwili. Akaweka kidole kwenye mkindu wa kwanza, akakipitisha polepole juu ya tope hadi mkindu wa pili, kisha akarudi nacho, akitafuta.

"Si ni siku ile?" akaniuliza. "Mbona mimi sipo?"

Nilitamani ardhi inimeze.

"Ulikuwa nyuma yangu, mama."

Yule mpole akaichukua karatasi yake, akaikunja. Wenzake walikuwa wanapigilia kigingi cha nne.