Vishikwambi Saba vya Gerson

Gerson aliijua idadi ya wateja wa Aika kuliko Aika mwenyewe. Ukiingia dukani kwake hapa Marangu Mtoni kununua chaja, atakupa chaja, lakini macho yake yako ng'ambo ya barabara. "Yule mama mwenye kofia nyekundu anaingia mara ya pili leo," atakuambia, kwa sauti ya kukulaumu kana kwamba wewe ndiye uliyemtuma.

Ni fundi kweli. Yeye ndiye aliyewafundisha wazee wetu kuhifadhi majina kwenye simu, na simu iliyoanguka ndani ya ndoo ya maziwa huwa anaifufua. Aika alifanya kazi kwake miaka minne. Alipoaga, Gerson alimzawadia kabati la vioo na akamwombea heri mbele ya watu. Shida ni kwamba siku aliyotafuta fremu ya duka ya kupanga, iliyokuwa wazi ilikuwa moja tu, nayo inatazamana na ya Gerson. Tangu hapo Gerson analiona kabati lake kila siku, lina vitu vingi kuliko lilivyokuwa kwake, na mwenye nalo bado anamwita "bosi". Hilo neno ndilo linalomuuma zaidi. Angetukanwa ingekuwa nafuu.

Mimi ni katibu wa chama chetu cha wafugaji wa maziwa, na nilichangia ugomvi huu bila kukusudia. Tuna vituo kumi na viwili vya kupokea maziwa, na kila kituo kina daftari. Mama Dafroza wa kule juu amepeleka lita nane kila asubuhi mwezi mzima, siku ya malipo akalipwa za sita. Alipouliza akaambiwa ndivyo daftari linavyosema. Daftari lenyewe lilikuwa limelowa maziwa, na nane na sita zimekuwa kitu kimoja. Mwanamke anaamka kabla ya ndege, anakata majani, anakamua, anashuka mteremko na dumu, halafu karatasi iliyolowa inamnyang'anya lita sitini! Nilisema kwenye bodi kwamba hatutakaa mwaka mwingine namna hii. Kilikuwa kimetoka kishikwambi kipya, kidogo, cha kushikika kwa mkono mmoja, betri yake inakaa siku mbili. Nikaomba tununue kumi na viwili, mfugaji aone lita zake kwenye kioo palepale.

Kishikwambi hicho Dar es Salaam kilitangazwa kwa laki mbili. Kilipofika Moshi mjini kikawa laki mbili na kumi. Huku kwetu watu walianza kutaja laki mbili na nusu kabla hata ya kukiona. Sijapata kuelewa kwa nini bidhaa ikipanda mlima bei nayo inapumua kwa nguvu, wakati kahawa yetu ikishuka mlima huohuo bei yake inateleza. Bodi ilinipa masharti: bei isizidi laki mbili na ishirini na tano, vyote kumi na viwili vya aina moja, risiti moja yenye dhamana, na viwe mezani kabla ya Jumatano saa kumi alasiri. Vinginevyo fedha zinakwenda kwenye tangi jipya, ambalo nusu ya bodi walilitaka tangu mwanzo. Sampuli ionyeshwe Jumatatu.

Nilimpelekea habari Gerson kwanza, kwa sababu ya heshima.

"Shikamoo Baba Daniel."

"Marahaba, katibu." Alisoma barua yangu mara mbili. "Kumi na viwili. Umempelekea na yule?"

"Barua ni ya maduka yote."

"Jumatatu saa nne sampuli iko mezani. Hata kama nitaiteremsha kutoka Kibo." Akaikunja barua vizuri, akaiweka mfuko wa shati, upande wa moyo.

Alipompigia Julius, muuza jumla wa Moshi mjini, aliambiwa mzigo ulikuja kidogo na kila eneo limepewa mgawo. Mgawo wa Marangu, vishikwambi sita, umeshachukuliwa.

"Na nani?" Gerson akauliza, ingawa alikuwa anatazama ng'ambo, ambako Aika alikuwa amepanda kwenye stuli akibandika tangazo: VIPYA VIMEFIKA, LAKI MBILI NA 25 ELFU.

Siku ile alimweleza kila aliyeingia kwamba Aika amepewa kwa sababu ya kumchekea Julius. "Mimi meno yangu ni ya kulia nyama," alisema. Mkewe, Magreth, aliyekuwa amemletea mtori wa mchana, alimsikiliza mpaka akachoka.

"Baba Daniel, unataka sampuli moja. Pale viko sita. Ni hatua kumi na tano."

"Nikanunue kwa binti niliyemfundisha kushika bisibisi?"

"Basi nitume mimi."

"Wakikuona wewe wameniona mimi."

"Kunywa mtori, unapoa," Magreth akasema, akaondoka zake.

Jumapili, baada ya ibada, tulitoka nje kwenye mnada kama kawaida. Wasioleta fedha huleta walichonacho: mkungu wa ndizi, jogoo, trei la mayai, chupa ya maziwa. Mzee wa kanisa Eliezeri huvinadi palepale uwanjani, na hakuna anayetegemea bei ya sokoni. Kuku wa elfu kumi na tano anaweza kwenda elfu sitini, kwa sababu anayenunua anamtolea Mungu, na jirani zake wanamwona akimtolea. Vyote viwili vina uzito.

Baada ya jogoo, Mzee Eliezeri aliinua kiboksi cheupe. "Hii ni shukrani ya binti yetu Aika, duka lake limetimiza mwaka. Wenyewe wanaita kishikwambi. Mimi naona ni kioo cha kunyolea ndevu. Nani anaanza?"

"Laki!" akasema Leonce, mwongoza wageni aliyekuwa ameshuka mlimani Ijumaa na bahashishi mfukoni.

Nilimtazama Gerson. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeona mlango mahali alipozoea kuona ukuta. Nilielewa mara moja. Kitu kikishawekwa madhabahuni si cha aliyekileta tena. Akikinunua hapa hajanunua kwa Aika.

"Laki na nusu!" Gerson akapaza sauti.

"Mbili," Leonce akasema.

"Mbili na nusu!"

"He, Baba Daniel, huko dukani kwako vimekwisha?" Leonce akauliza, watu wakacheka. "Haya, laki tatu."

"Tatu na nusu!"

"Nne. Nataka nikapigie picha nyani."

"Laki nne na thelathini!" Gerson alikuwa amesogea mpaka mbele, jasho likimtoka kwenye tai. Leonce akainua mikono kusalimu amri.

"Haika mbe," Mzee Eliezeri akamshukuru, akampa kiboksi kwa mikono miwili. Aika ndiye aliyepiga makofi kwa nguvu kuliko wote. Kisha akamfuata Gerson. "Asante sana bosi. Umeibariki shukrani yangu."

"Sijanunua kwako," Gerson akajibu. "Nimenunua kwa Mungu."

Kosa lake lilionekana mchana uleule. Habari ilizunguka vihambani, nyumba kwa nyumba kwenye migomba, kwamba Gerson, mjuzi wa simu, ametoa laki nne na thelathini kwa kishikwambi. Sasa kama mjuzi ametoa hiyo, watu wakasema, kile cha Aika cha laki mbili na ishirini na tano si ni kama cha bure? Jumatatu asubuhi duka la Aika lilikuwa halijafunguliwa na watu tisa wamesimama mlangoni. Gerson aliwahesabu, kisha akawahesabu tena. Aika alifungua akawaambia vitano vilivyobaki amevitunza kwa ajili ya barua ya chama. Watu wakalalamika, wengine wakaacha namba za simu. Hata kulalamikiwa kule Gerson alikuonea wivu. Yeye alikuwa halalamikiwi na mtu.

Saa nne alifika ofisini kwetu na sampuli yake. Mwenyekiti wetu ni Mama Elisifa, mwalimu mstaafu, mwenye ng'ombe watatu na mdomo mmoja unaotosha kumi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Gerson. Unatuuzia shilingi ngapi?"

"Laki mbili na ishirini na tano."

"Jana nimekuona kwa macho yangu haya ukikitoa madhabahuni kwa laki nne na thelathini. Ukituuzia kwa hasara kumi na viwili, watoto watakula nini?"

"Vile vingine vitakuja kwa bei ya jumla."

"Vingine vingapi unavyo?"

Gerson akaanza kuirudisha sampuli kwenye kiboksi.

"Aika naye amekuja saa tatu," Mama Elisifa akaendelea. "Naye nimemwambia hivihivi: sampuli nzuri, bei nzuri, lakini vitano si kumi na viwili. Jumatano saa kumi."

Gerson hakurudi dukani. Alipanda gari moja kwa moja hadi Moshi mjini kwa Julius, amejiandaa kugomba. Haya yaliyotokea huko alinieleza mwenyewe, baadaye sana, na kwa shida. Julius alimwambia mzigo mwingine umeingia asubuhi ile, na anaweza kumpa sita, lakini kwa sharti lilelile: kila anayechukua sita achukue na simu za tochi thelathini zilizomlalia stoo, na alipe zote.

"Sharti lilelile la nani?"

"La Aika. La kila mtu."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia mwezi wa pili, Gerson. Ukanijibu duka lako si jalala. Yule binti alitoa fedha siku ileile."

Kwa hiyo hapakuwa na kuchekeana. Ungedhani jambo hilo lingempunguzia wivu, lakini lilimwongezea. Mtu aliyependelewa unaweza kumdharau. Mtu aliyethubutu wakati wewe ukiringa utamfanya nini? Gerson alilipa, akarudi na vishikwambi sita na gunia la simu za tochi. Pamoja na kile cha mnadani, saba.

Jumanne alitafuta vitano vilivyobaki kila mahali. Alipiga simu Himo, akaambiwa vimekwisha. Akaenda mwenyewe mpaka Sanya Juu, akakuta tangazo bila bidhaa. Aika hakuhangaika. Alikuja mlangoni kwa Gerson jioni, akasimama nje ya kizingiti kama alivyozoea alipokuwa mfanyakazi. "Bosi, nasikia una saba." "Umesikia kwa nani?" "Nimeona ukishusha." Akangoja. Gerson akawa anapangusa kaunta iliyokwisha pangusika, mpaka Aika akaenda zake.

Jumatano saa nane mchana nilikuwa siwezi kukaa. Tangi lilikuwa linakuja, na madaftari yatalowa mwaka mwingine, na Mama Dafroza ataibiwa tena na karatasi. Nilimweleza Mama Elisifa yote. Alivaa kanga juu ya gauni, tukashuka naye hadi dukani kwa Gerson.

"Gerson, mimi nimefundisha hesabu miaka thelathini na minne," alisema, hata kiti hakutaka. "Saba na vitano ni vingapi?"

"Kumi na viwili, mama."

"Na hii barabara ina upana gani?"

Gerson akatazama ng'ambo.

"Nakuuliza wewe, uliyeipima kwa macho mwaka mzima."

Gerson akavipanga vishikwambi saba ndani ya boksi moja, akalibeba begani ingawa lilikuwa jepesi, akavuka. Nilimfuata. Aika alisimama alipomwona. Kwenye rafu ya chini, nyuma ya lile kabati la vioo, Gerson aliziona simu za tochi, zimejipanga na vumbi lake. Alizihesabu kwa midomo. Ishirini na tisa. Aika alikuwa ameuza moja.

"Vyangu ni saba," Gerson akasema, akaliweka boksi juu ya kaunta.

"Karibu bosi. Risiti iandikwe jina lako."

"Kwa nini langu?" Alishtuka kama mtu aliyekanyaga ganda la ndizi. "Una mpango gani?"

"Wewe una vingi. Na dhamana watu wataileta kwa fundi, na fundi ni wewe. Mimi nipe fedha ya vitano vyangu, inatosha."

Nilidhani atafurahi. Badala yake niliona mishipa ya shingo yake ikisimama. Alikuwa amevuka tayari kugombania jina, akakuta amepewa, na sasa hata ukarimu Aika alikuwa nao mwingi kuliko yeye.

"Andika yote mawili," alisema kwa hasira. "Gerson na Aika. Usije ukasema nilikunyang'anya."

"Haya, bosi."

"Na usiniite bosi."

"Nikuite nani?"

"Twende, saa tisa imepita," Gerson akasema.

Tulianza kupanda kwenda ofisini, Gerson na boksi lake mbele, Aika na vitano vyake nyuma, mimi na Mama Elisifa mwishoni. Aika ni kijana na mguu wake ni mwepesi. Kila viatu vyake viliposikika karibu, Gerson aliongeza mwendo bila kugeuka, na Aika naye, sijui kwa makusudi au la, akaongeza wa kwake, hata walipofika kwenye mlango wa chama walikuwa karibu wanakimbia, mtu mzima wa miaka arobaini na sita akihema na kulikumbatia boksi, amemtangulia kwa hatua mbili.

"Vya kwangu vihesabiwe kwanza," alimwambia karani, kabla hata ya kusalimia.