Vidonge Ndani ya Kopo la Vifungo

Shangazi yangu hakufa kwa moyo. Naanza hapo kwa sababu ndipo ukoo wetu mzima unapopakwepa, na kwa sababu nimechoka kuambiwa kwa sauti ya kubembeleza kwamba moyo wake ulichoka tu. Moyo wa shangazi haukuwa na neno. Kilichochoka ni mgongo.

Alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule katika chumba cha nyuma cha duka la vitambaa, yeye na wanawake wenzake, wote juu ya viti vya mbao visivyo na pa kuegemea, miguu kwenye pedali, shingo zimeinama. Walimwita Mama Pini, kwa kuwa aliweza kubana pini midomoni na bado akaongea kuliko wote. Alikuwa na jicho la kutisha. Mtoto akiingia mlangoni, yeye kiuno chake ameshakijua, na mama mtu akilalamika kwamba suruali ni pana mno, shangazi anamjibu, "Mlishe, itamkaa." Hakujaliwa kuzaa, akanifanya mimi mtoto wake. Nilipokwenda chuo kikuu alinishonea sketi zenye mifuko mikubwa kama magunia.

"Ya kuwekea vitabu," alisema. "Maana kuongea na watu, najua hutaongea."

Shule zilipokaribia kufunguliwa, kazi katika chumba kile haikuwa na mwisho. Mwenye duka, waliyemwita Tajiri, alileta majani ya chai, sukari na vidonge vya maumivu katika mfuko mmoja. Hakumlazimisha mtu. Alivitua mezani na kusema, "Mama zangu, jisaidieni, oda isilale." Vilikuwa vidonge vikali, vya kuandikiwa na daktari, lakini muuza dawa wa mtaani aliviuza kama peremende.

Na kwa mafundi, kitu kisicho na mahali pake huingia kwenye kopo la vifungo. Vipande vya chaki, zipu zilizong'oka, ndoana za sketi, vyote humo. Shangazi alikuwa akisema ukitafuta vizuri hata mume utampata. Basi vidonge navyo vikatolewa kwenye paketi zake vikatiwa humo. Baadaye mmoja wao akaleta vya usingizi, kwa sababu ukishashona kutwa nzima, miguu huendelea kukanyaga hata ukiwa kitandani. Navyo vikatiwa. Vyote vyeupe, vyote vya duara, kama vifungo vya shati la mtoto. Aliyetaka nusu alikata kidonge kwa mkasi wa nyuzi.

Shangazi tulimkuta asubuhi kitandani, shuka limefika kifuani, redio inaongea peke yake.

Hospitalini tulikwenda mimi na baba mkubwa, kaka yake wa kwanza. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye macho ya kukosa usingizi. Alituambia waziwazi kwamba dawa ya maumivu na dawa ya usingizi zilikutana mwilini, pumzi ikapungua hadi ikakatika.

"Daktari," baba mkubwa akasema, "dada yangu hakuwa mla unga."

"Sijasema hivyo, mzee. Watumiaji wa unga nao tunawapokea, wengi ni vijana wa kiume, na kila mtu anajua wamekufa na nini. Wanawake wa umri wa dada yako wanaletwa hapa kwa vidonge. Hao wanazikwa kwa jina la presha, wanazikwa kwa jina la moyo, na wenzao wanaendelea kumeza."

Tulipotoka nje, baba mkubwa alinishika bega. "Mwanangu, umesikia moyo. Basi."

Huyu ndiye baba mkubwa ambaye, kijana wa jirani alipokutwa amekufa kwenye nyumba isiyokwisha kujengwa, alisimama getini akatangaza, "Unga umemmaliza! Sasa hapo pole tumpe nani?" Mama wa yule kijana alikuwa ndani, anasikia. Mtoto wa watu kilichomuua kilitajwa kabla hajafunikwa. Cha dada yake kilifunikwa pamoja naye. Yule alionekana ametaka mwenyewe, huyu alionekana ameitwa na Mungu, na wote wawili walikuwa wakitafuta njia ya kuacha kuumia. Nilitaka kumwambia hivyo pale pale. Nikaitikia kwa kichwa, kama kawaida yangu.

Msibani ikatangazwa: moyo. Ndipo aliponijia Twiga, mwanamke mrefu aliyeketi kwenye cherehani ya pembeni ya shangazi miaka yote.

"Afadhali ni moyo," aliniambia, ngumi mbili zikiukandamiza mgongo wake. "Nilikuwa nawaza ni kazi. Kesho narudi, oda haijaisha."

"Unalala, mama?"

"Nilale wapi! Tangu aondoke sijafumba jicho. Ila vidonge bado viko kwenye kopo, nitajisaidia."

Nilikwenda moja kwa moja kwa baba mkubwa. Nikamwambia Twiga anameza vilevile, humo humo.

"Twiga ana ndugu zake," akajibu. "Wewe ukifungua mdomo, umemzika shangazi yako mara ya pili."

Nadhani ni hilo neno, "ndugu zake," lililonitoa nyumbani asubuhi iliyofuata. Mimi ni mtu wa kujifunza sentensi njiani kabla ya kuuliza bei ya nyanya, na siku hiyo nilijifunza nyingi nzuri. Nilipofika kwa mafundi, cherehani zote zilikuwa zinanguruma. Nikazisema sentensi zangu. Hakuna aliyesikia hata moja.

"Shangazi hakufa kwa moyo!" nikapiga kelele.

Cherehani zikanyamaza, ya mwisho ikiwa ya Twiga.

"Huyu mtoto ana sauti tangu lini?" akauliza mmoja, wengine wakacheka.

Twiga hakucheka. "Unataka kusema rafiki yangu alikuwa anakula dawa za kulevya?"

"Nasema alikuwa anaumwa mgongo, akala vilivyomo humu." Nikalichukua kopo lililokuwa kando ya birika, nikalimwaga lote juu ya meza ya kukatia. Vifungo vikabiringika hadi sakafuni. "Nionyesheni cha maumivu. Halafu mnionyeshe cha usingizi."

Wakainama juu ya meza. Hawa ni wanawake wanaotofautisha nyuzi mbili nyeusi kwenye mwanga hafifu. Twiga aliokota kimoja, akakikwaruza kwa ukucha, akakigeuza, akakirudisha. Kisha akaingiza mkono kifuani, akatoa viwili vilivyofungwa kwenye kipande cha kitambaa cha sare, akaviweka pamoja na vingine.

"Vilikuwa vya leo usiku," alisema.

Tajiri alikuwa amefika mlangoni. "Binti, hapa pana kazi. Mimi sikumlazimisha mtu."

"Hukutulazimisha," Twiga akasema, na sasa alikuwa amesimama, kichwa chake juu ya cha Tajiri. "Tulikuomba viti vyenye mgongo, ukasema biashara ni ngumu. Mama Pini ndiye aliyetutuma tukuombe, unakumbuka? Viti ulikosa. Vidonge ukapata."

"Sasa mnataka nini, mama zangu?"

"Leo usituite mama zako," ikajibu sauti kutoka nyuma, na hakuna mguu uliorudi kwenye pedali.

Baba mkubwa hanisemeshi mpaka leo. Nikimsalimia anaangalia ukuta. Na ninapoulizwa shangazi alikufa na nini, nataja, hata akiwa hapo amekaa.

Siku ile Twiga alijifunga leso kichwani, akanishika mkono mbele ya wote.

"Twende kwa huyo daktari wako," alisema. "Na wewe ndiye utakayeongea. Usinifiche tena uso kwenye vitabu, nimeshakusikia."