Kiti cha Kaingu

Mtu akikutana na Nyamvula barabarani kati ya Utange na Kiembeni humdhania dereva wa teksi. Yeye yuko mbele peke yake, mikono miwili kwenye usukani, na abiria wake wote wamebanana nyuma: mke wa mchungaji, wifi yake Fancy, na furushi la vitambaa vya kushona. Kiti cha mbele cha kushoto ni kitupu. Kile ni cha marehemu mumewe, Kaingu, na tangu Mungu amwite hakuna aliyekikalia. Mke wa mchungaji alijaribu siku moja tu. Aliposhika mlango, Nyamvula alikohoa kikohozi ambacho hakikutoka kifuani, na mama wa watu akaelewa, akazunguka nyuma.

Kaingu hakuwa dereva. Alikuwa seremala, mtu wa miguu mirefu, na kazi yake garini ilikuwa kuogopa. "Nyamvula, breki! Nyamvula, yule punda hatuoni! Wataka nimwone Yesu kabla ya chakula cha mchana?" Kila safari Nyamvula alimtishia kwamba atamshusha, na hakumshusha hata mara moja. Gari lenyewe, Probox, walilinunua pamoja, yeye kwa magauni na mumewe kwa vitanda.

Basi likaja jambo la Bujumbura. Kanisa lao lina tawi kule, nao walitaka mama wa kufundisha wasichana kushona. Nyamvula alikubali kabla hawajamaliza kuuliza. Akaulizia habari za gari, akaambiwa njoo nalo. Fancy, mdogo wake Kaingu, ambaye hajaolewa wala hana haraka, akasema atamsindikiza na kukaa naye mpaka azoee.

Aliyetia kitumbua mchanga ni mzee Phineas wa Changamwe, aliyeendesha malori ya masafa marefu mpaka akastaafu.

"Mama, kule magari yanapita kulia," alisema. "Na usukani wako uko kulia. Ukiwa nyuma ya lori na unataka kulipita, utaona nini?"

"Barabara."

"Utaona makalio ya lori! Anayeona barabara ni yule aliyekaa kushoto. Yeye ndiye wa kukwambia pita au ngoja. Bila huyo, utafika Bujumbura nyuma ya lori moja, ama hutafika."

"Fancy atachungulia kutoka nyuma."

Phineas akamtazama Fancy. Fancy akatazama viatu vyake.

Jumamosi wakaenda kujaribu kwenye kiwanja cha kanisa, Utange. Lori lilikuwa mkokoteni uliopakiwa magodoro mpaka juu, ukivutwa na wanakwaya wawili. Phineas mwenyewe akawa magari yanayokuja: alitembea upande wa pili akipiga honi kwa mdomo. Fancy, kule nyuma, akatoa mwili dirishani mpaka kiunoni.

"Waona nini?" Nyamvula akauliza.

"Godoro!"

"Mbele ya godoro!"

"Godoro jingine! Wifi, mchanga umeniingia machoni. Pita tu!"

Nyamvula akapita, polepole kama anayekwenda kupokea sadaka, na bado mzee Phineas ilibidi aruke majanini, kofia huku, miwani kule.

"Mimi nimekufa," akasema akijipangusa. "Nimekufa na abiria wangu wote. Mama, ama mtu akae kwenye kile kiti, ama gari uliache."

Nyamvula akazima injini. "Basi nitaliuza. Nitapanda basi kama watu wengine." Lakini alilisema hilo bila kuachia usukani.

Fancy akashuka, akaja dirishani kwake.

"Wifi, kumlilia sikukatazi. Na mimi namlilia. Tulilala mkeka mmoja kabla wewe hujamjua. Lakini kaka yangu hakukaa pale kama picha ukutani. Alipiga kelele mpaka koo likamkauka. Kile ni kiti cha kelele. Na katika ukoo wetu mwenye kelele aliyebaki ni nani?"

"Ni wewe," Nyamvula akajibu kabla hajajizuia.

Ila Fancy ni mfupi. Ukimkalisha pale alipokiacha Kaingu, ataona dashibodi tu. Kiti lazima kivutwe mbele, na hakuna aliyekigusa tangu miguu ile mirefu iliposhuka mara ya mwisho. Nyamvula akatoka, akazunguka, akaufungua ule mlango mwenyewe. Akapiga magoti kwenye majani na kushika kile chuma cha chini cha kusogezea kiti. Kiligoma, kimeshika kutu na mchanga. Akavuta tena, kiti kikatoa mlio, kikaja mbele kidogo kidogo, mpaka ile nafasi ya miguu ikaisha. Alijifuta macho kwa ncha ya leso.

"Panda kabla sijabadili nia."

Wakaanza upya. Safari hii Phineas alisimama mbali zaidi, karibu na choo.

"Wifi, nipite?"

Nyamvula akageuza shingo. Fancy alikuwa amefumba macho, viganja juu, midomo ikichezacheza.

"Fancy! Wafanyaje?"

"Namwomba Mungu atuvushe."

"Mungu ameshasikia! Yeye yuko macho, uliyefumba ni wewe! Fumbua uniambie!"

Fancy akayatoa macho. "Haya. Ngoja. Mzee yuaja. Amesimama, afunga kamba ya kiatu. Yuaja tena. Apita... apita... amepita! Ngoja, kuna kuku. Kuku amerudi. Sasa, wifi! Kata kushoto!"

Nyamvula akakata kushoto. Hakuona kitu ila alichoambiwa. Magodoro yakapita kando ya dirisha lake, moja baada ya jingine, kisha akarudi kulia na kiwanja chote kikawa wazi mbele yake.

"Nipo hai!" mzee Phineas akapiga kelele kule nyuma.

Nyamvula alikuwa akicheka na mashavu yamelowa. Akatoa kichwa nje.

"Lirudisheni lori," akawaambia wanakwaya. "Tupite tena."