Mama Hakukaa Eda, Alitupeleka Sinema

Harufu ya ukumbi wa sinema uliojaa watoto wadogo haifanani na harufu nyingine yoyote duniani, na mimi nimenusa nyingi. Chukua karanga za kukaanga, mafuta ya nazi, viatu vya raba vilivyonyeshewa, na mkojo wa watoto waliokataa kutoka nje wasije wakapitwa na mapigano; vifungie vyote katika jumba lisilo na dirisha, halafu zima taa. Wahenga walisema la kuvunda halina ubani, lakini wahenga hao hawakumjua mama yangu. Kila Jumamosi baada ya adhuhuri alitufukiza udi sisi wanawe wanne, akatupaka mafuta kichwani mpaka nzi akitua anateleza, kisha tukatoka mtaani kwetu Kisenyi kupanda mjini tukinukia kiasi kwamba mbuzi wa majirani waliacha kula maganda ya ndizi wakatusindikiza kwa macho. Mimi nilikuwa mkubwa, nina miaka minane. Twaha na Zaituni walinifuata. Na mgongoni kwa Mama alikuwa Shabani, ambaye hata meno alikuwa hajamaliza kuota.

Desturi hiyo aliianzisha Baba. Alikuwa karani wa mizigo bandarini Port Bell, kazi yake kusimamia mabehewa yanayoingizwa melini, na aliamini kwamba mtoto asiyeonyeshwa sinema kabla ya kung'oka meno ya utoto atabaki mshamba mpaka kaburini. Majirani walimsema sana. Mtoto mchanga sinema ya nini, ataona majini ukutani, ataweweseka, atakuwa kigugumizi. Baba alicheka kicheko chake kilichosikika mpaka Kawempe, akawajibu kwamba majini ya ukutani yana adabu, taa zikiwashwa yanakwenda kwao. Watu wazima walielewa mara moja ni majini gani yaliyobaki, nao wakaacha kucheka kabla yake.

Pengine mmoja wao alikwenda kuyapeleka maneno hayo mahali. Mpaka leo hatujui. Tunachojua ni kwamba alasiri moja watu waliovaa miwani myeusi walimtoa bandarini, wakamtia kwenye buti ya gari lisilo na nambari, mbele ya wapagazi ambao ghafla walikuwa na shughuli nyingi mno. Mama alizunguka kambi na vituo, hata gereza kubwa lililo jirani na bandari, na kila mlangoni alipewa jibu moja: mtu huyo hatumjui.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo vijana wa sasa hawalijui. Mtaani kwetu wakati ule walikuwapo wanawake wengi ambao waume zao walikwenda hivyohivyo, bila maiti, bila kaburi, hata ikazuka desturi isiyoandikwa katika kitabu chochote cha fikihi. Miezi ikipita, wazee wa ukoo walikutana, ikasomwa khitma ya kunong'ona huku milango imefungwa, na mke akaingizwa ndani kukaa eda ya mjane: miezi minne na siku kumi, bila manukato, bila hina, bila kutoka. Ilikuwa njia ya kumaliza maneno. Wakubwa waliipenda, maana mjane haulizi maswali. Na ukoo nao ulipumua, maana ndugu aliyekufa hana hatari kama ndugu aliyepotea. Kifo cha wengi harusi, walisema. Basi siku moja Shangazi, dada yake Baba, akaja kwetu na kikapu, na ndani ya kikapu nguo nyeupe zilizokunjwa vizuri.

"Wifi, tutangoja mpaka lini?" alimwambia Mama. "Kaa eda, tumsomee ndugu yangu apumzike."

"Apumzike wapi?" Mama alimjibu. "Nionyeshe mahali, nikamtandikie."

Jumamosi ya juma lile, kwa mara ya kwanza tangu Baba achukuliwe, udi ulifuka tena nyumbani. Mama alijitanda leso nyekundu kuliko zote alizokuwa nazo, akapaka wanja, akatupitisha mbele ya magereji na maduka ya jumla, njia ndefu isiyo na sababu, ili kila mwenye macho aone kwamba huyu si mjane, huyu ni mke wa mtu na anapeleka watoto sinema. Wanawake walishika vinywa. Fundi mmoja wa magari aliacha spana ikamwangukia mguuni, na nadhani hakuisikia. Zaituni alidhani tunashangiliwa, akawapungia mkono wote.

Sinema yenyewe ilikuwa imechoka. Mwenyewe, Mhindi mpole aliyekuwa akitupa pipi mlangoni, aliondoka wenzake walipofukuzwa nchini, na jumba likapewa mtu aliyejua sinema kama mimi ninavyojua kuendesha manowari. Filamu mpya hazikuja. Tuliiona ileile ya Kihindi mpaka tukataka kuisoma kwenye sala badala ya Fatiha, na mikanda yake ilipachikwa bila mpangilio: shujaa anapigwa risasi, anazikwa, mama yake analia; mkanda unabadilishwa, shujaa huyo anaingia amepanda farasi, anaimba. Watu wazima walipiga miluzi. Sisi watoto tuliona ni sawa tu, ndivyo mambo yalivyo. Twaha alimgeukia Mama akasema, "Kumbe wanarudi." Mama hakumsahihisha. Alimmenyea karanga.

Lakini kabla ya filamu ilikuwapo ile picha fupi ya mkubwa wa nchi: mkubwa anakagua gwaride, mkubwa anacheza ngoma, mkubwa anakula kuku. Ilikuwa sharti ukumbi mzima usimame na kupiga makofi mpaka viganja vife ganzi. Jumamosi moja Mama hakusimama. Shabani alikuwa ananyonya, naye Mama alikaa na mwanawe kama aliye barazani kwake. Kutoka safu ya mbele, walikoketi wanajeshi na familia zao, akainuka afande mmoja mrefu kama nguzo ya simu, akapanda taratibu mpaka mbele yetu. Makofi yalikoma. Picha nayo ilikwisha, mkanda wa kwanza wa filamu ukaanza, na kivuli cha afande, aliyesimama katikati ya mwanga, kikaangukia uso wa shujaa ukutani.

"Wewe mama. Watu yote nasimama. Wewe nakaa namna gani?"

"Mtoto ananyonya, afande. Ningesimama angelia, na msingemsikia mkubwa."

"Bwana yako iko wapi, akufundishe adabu?"

Nilihisi Twaha akinikamata kidole. Mama akasema, si kwa kelele, bali kwa sauti ya mtu anayeuliza njia, "Hilo ndilo nililotaka kukuuliza wewe. Walimchukua kazini, Port Bell. Yuko wapi?"

Nawaapia, hata mashine ya filamu ilisita. Mkono wa afande ulikwenda kiunoni, penye bastola. Ndipo kutoka safu ya mbele kikaja kijisauti cha kike, cha mtoto wa umri wa Zaituni, kimejaa hasira ya haki.

"Baba, kaa chini. Kichwa yako nafunika farasi."

Ukumbi mzima ulimeza kicheko kwa pamoja, nilisikia makoo. Afande aliangalia nyuma, akamwangalia Mama, akamwangalia Shabani ambaye hakuwa na habari, akashuka akaketi. Sisemi alikuwa na huruma. Nasema alikuwa na mtoto aliyekuja kuangalia farasi. Mama alitukalisha pale mpaka mwisho, shujaa akazikwa, akaoa, akazaliwa, ndipo tukatoka polepole kama watu wa heshima. Tulipofika nje nikaona leso yake imelowa jasho mgongo mzima, kama aliyetoka mtoni.

Habari ilitangulia kufika nyumbani. Shangazi alikuwa kizingitini, kikapu magotini. "Utatuua sote, wewe mwanamke. Kaa eda yaishe."

"Wifi, nimewauliza mbele ya watu wote, na hawakunijibu," Mama alisema. "Siku watakaponijibu, wewe mwenyewe utanivisha hizo nguo, na sitakunja uso. Lakini sitamzika mume wangu ili wao walale vizuri."

Shangazi alilia pale kizingitini mpaka magharibi. Jumamosi iliyofuata alikuja amepaka hina, na wanawe wawili wadogo mkononi, akauliza tunaondoka saa ngapi.

Swali la Mama halikupata jibu. Utawala ule ulikimbia, zikaja tawala nyingine, Mama akaziuliza zote, akawa bibi kizee mwenye swali moja. Tulipomzika, mwenye kipaza sauti alitaka kumtaja kuwa mjane wa fulani, nikamwambia aseme mke.

Sasa mimi ndiye nyanya. Sinema za leo zimo ndani ya maduka makubwa, viti vinakumeza mpaka masikio, na baridi yake ingeweza kuhifadhi sangara mwezi mzima. Hakuna anayekuamrisha usimame. Nashukuru, ingawa ukimya wa pale wakati mwingine haunipendezi. Mwanangu, msomi, ananiambia watoto wadogo hawapelekwi sinema: sauti ni kubwa, wataota vibaya. Mimi nami nimesoma, shule ya jioni, mvi zikiwa tayari zimeanza, kwa hiyo namheshimu msomi mwenzangu. Namwambia sisi tulipelekwa huku bastola zikiwa safu ya mbele, na tulilala fofofo.

Wajukuu wa Shangazi nao wamenitumia ujumbe kwamba muda umefika, tumsomee Baba khitma tumalize. Hata kama hakuuawa, uzee pekee ungekuwa umeshamchukua. Wanasema kweli. Hesabu hiyo naijua, sikudanganywa na mikanda iliyopachikwa vibaya. Lakini hiyo ni hesabu yangu, si jibu la waliomchukua. Hao wana vinywa, na kama wamekufa wana watoto wenye vinywa. Waseme wamemlaza wapi, nami nitasoma khitma kwa sauti, milango wazi, wali wa mtaa mzima. Mpaka hapo, wajukuu zangu wavae viatu. Filamu inaanza saa tisa.