Mguu wa Kulia wa Fundi Leo

Saa nne asubuhi, Fundi Leo anainama chini ya meza ya cherehani. Hatafuti sindano iliyoanguka. Anatazama kama mguu wake wa kulia bado uko juu ya pedali, maana wenyewe haumwambii.

Uko. Anainuka, anakanyaga kwa ule wa kushoto, na kola ya sare ya shule inaanza kusogea. Bintiye wa miezi saba amelala kwenye mkeka kando ya vipande vya vitambaa.

Jina la Fundi Leo alipewa na wateja: ukileta kitambaa asubuhi, jioni unavaa nguo. Alikuwa akimaliza nguo nne kwa siku. Sasa akimaliza moja na nusu ni heri, na watani wameshambatiza Fundi Kesho. Huwa anacheka nao. Jana hakucheka.

Siku ya kujifungua alishikwa na uchungu kwa muda wa saa kumi na tisa. Akaomba sindano ya ganzi ya mgongoni, maumivu yakatulia, mtoto akazaliwa salama. Kesho yake mguu wa kushoto uliamka. Wa kulia ukabaki umelala, na hapo akafanya kosa ambalo pengine ni fundi cherehani tu angelifanya.

"Mimi ganzi naijua. Miaka kumi na mbili nakaa kwenye kiti hiki, kila jioni nainuka miguu imekufa, naipigapiga chini inarudi," anasema. "Nesi aliponiuliza, nikamwambia iko sawa, dada. Nilitaka kwenda nyumbani."

Aliupigapiga kwa wiki tatu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye aliumbuliwa na kizingiti cha mlango: vidole vilining'inia, vikakwaa, akaanguka na mtoto mikononi. Mtoto hakuumia. Lakini tangu siku hiyo mama huyu hajambeba mwanawe akiwa amesimama. Mumewe, mlinzi wa zamu, ndiye humpeleka kliniki.

Daktari alimweleza kwamba mshipa wa fahamu umeumia, jambo linalotokea kwa nadra. Huenda ni sindano, huenda ni kichwa cha mtoto kilichoubana saa zile ndefu ambazo hakuwa na hisia. Hakuna awezaye kuapa. Mama mkwe yeye alishahukumu: wenzake walizaa bila sindano. Fundi amechoka na maneno hayo.

Amechoka pia na kifaa cha plastiki anachofunga kifundoni kila asubuhi, na mazoezi ya kuvuta vidole visivyotaka kuvutika. Kuna siku hulia hapo hapo akishona, kisha hufuta macho kitambaa cha mteja kisilowe.

Wiki iliyopita daktari alimwambia kwamba mshipa ukipona hukua milimita moja hivi kwa siku, na hakumwahidi kwamba utafika hadi vidoleni. Hisia imeshuka hadi sehemu ya chini ya muundi. Fundi aliporudi alichukua futi yake ya kupimia nguo, akaulaza mguu, akapima kutoka hapo hadi ncha ya kidole gumba. Sentimita ishirini na saba.

"Ni siku mia mbili na sabini. Zikiisha, nataka nimfunge mgongoni nimpeleke kliniki mimi mwenyewe," anasema, akimvutia mtoto shuka. "Ni miezi tisa tu. Miezi tisa nimeshawahi kuisubiri, nikampata huyu."